Vuli, demani au mapukutiko? Neno 'autumn' na majira yetu

ELIUD Kipchoge aliivunja rekodi ya dunia ya marathoni jijini Berlin tarehe 16 Septemba 2018 kwa muda wa saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Aliivunja tena katika jiji lilo hilo tarehe 25 Septemba 2022 kwa muda wa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Mnamo Oktoba 8, 2023, marehemu Kelvin Kiptum aliipunguza zaidi jijini Chicago, akakata utepe kwa muda wa saa 2 na sekunde 35.

Mbio zote hizi tatu huhesabiwa na wanahabari wa Ulaya na Marekani miongoni mwa marathoni za 'autumn'. Je, mwandishi wa Kiswahili aziitaje? Akiandika 'marathoni za vuli', msomaji aliyeko Kibwezi au Mwingi atadhani wanariadha wetu walikimbia wakinyeshewa, kwa kuwa kwake yeye vuli ni mvua. Akiandika 'marathoni za demani', mvuvi wa Lamu atafikiria upepo na bahari. Naye akiandika 'marathoni za majira ya kupukutika kwa majani', mhariri atalalamika kwamba kichwa cha habari hakitoshi katika nafasi aliyompa.

Katika makala haya tutalichunguza neno hili 'autumn', asili yake, visawe ambavyo vimependekezwa katika Kiswahili, na jinsi ya kuvitumia kila siku bila kumpotosha msomaji. Ingawa mjadala huu waweza kuonekana kuwa wa walimu na wafasiri pekee, tutaona kwamba unamhusu pia mkulima anayesubiri kupanda.

MAANA NA ASILI YA NENO

Katika nchi zilizo mbali na ikweta mwaka hugawanywa katika majira manne: majira ya kuchipua kwa majani, majira ya joto, majira ya kupukutika kwa majani na majira ya baridi. 'Autumn' ni yale ya tatu, yanayofuata joto na kutangulia baridi.

Wanafalaki huyahesabu majira haya, katika nusu ya kaskazini ya dunia, kuanzia tarehe 22 au 23 Septemba, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana, hadi tarehe 21 au 22 Desemba, siku yenye mchana mfupi kuliko zote. Wataalamu wa hali ya hewa nao, kwa ajili ya kurahisisha takwimu zao, huyahesabu kuanzia Septemba mosi hadi Novemba 30. Kwa hivyo, ushindi wa Kipchoge wa mwaka 2018 ulikuwa ndani ya majira haya kwa hesabu ya wataalamu wa hali ya hewa, ilhali kwa hesabu ya wanafalaki majira ya joto yalikuwa hayajamalizika.

Katika nusu ya kusini ya dunia mambo huwa kinyume. Nchini Australia, New Zealand, Afrika Kusini na Argentina, majira haya huwa kati ya Machi na Mei. Msomaji na aiweke hoja hii akilini, kwa sababu tutairejelea.

Neno lenyewe liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa, nacho Kifaransa kikalirithi kutoka Kilatini, 'autumnus'. Kabla ya hapo Waingereza waliyaita majira hayo 'harvest', yaani mavuno. Wajerumani hadi leo husema 'Herbst', neno lenye asili moja na hilo la mavuno. Baadaye, katika karne ya 16, Waingereza walianza kuyataja majira hayo kwa anguko la majani, na kutokana na usemi huo likazuka neno 'fall'. Neno hilo lilivuka bahari pamoja na walowezi, likashika mizizi Marekani, huku Uingereza ikibaki na 'autumn'.

Hapa tunapata funzo la kwanza. Hata wenye majira hayo hawakuafikiana juu ya jina. Kuna waliotazama shamba wakasema mavuno, na kuna waliotazama mti wakasema anguko. Kila jina la majira hutokana na kile ambacho watu wa mahali fulani walikiona kuwa muhimu.

KWA NINI MAJANI HUPUKUTIKA?

Ni vyema tuielewe hali yenyewe kabla ya kulihukumu jina lake. Jijini London mchana wa mwezi Juni huwa wa takriban saa 16 na nusu, lakini kufikia Desemba huwa umepungua hadi karibu saa 8. Jijini Nairobi, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mchana huwa wa takriban saa 12 mwaka mzima.

Mchana unapofupika na baridi kuanza kuuma, miti mingi ya kule hupunguza kutengeneza ile rangi ya kijani inayoliwezesha jani kutumia mwanga wa jua. Rangi hiyo inapotoweka, rangi ya manjano iliyokuwa imefichika ndani ya jani hujitokeza. Baadhi ya miti hutengeneza pia rangi nyekundu. Hatimaye tabaka jembamba la seli hufanyika pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi, na upepo mdogo tu hutosha kuliangusha. Mti huepuka hivyo hasara ya kupoteza maji wakati ambapo ardhi imeganda.

Si kweli basi kwamba huku kwetu majani hayapukutiki. Mbuyu wa Pwani na wa Ukambani hubaki mtupu wakati wa ukame, matawi yakiwa kama mizizi iliyoelekezwa mbinguni. Msufi nao hupukutisha majani yake. Mkungu unaoota karibu na fuo za bahari hugeuza majani yake kuwa mekundu kabla ya kuyaangusha, na anayetaka kuona rangi za Ulaya bila kupanda ndege anaweza kusimama chini yake. Mijakaranda ya Nairobi, iliyoletwa kutoka Amerika Kusini, hupoteza majani na kisha huyatandaza maua yake ya zambarau barabarani mwezi wa Oktoba.

Tofauti ni kwamba miti yetu hupukutisha majani kwa sababu ya kiu. Isitoshe, haipukutishi yote kwa pamoja. Ndiyo maana wahenga wetu hawakuyaita majira yoyote kwa jina la majani. Waliyapa majira yao majina kufuatana na mvua, jua, baridi na upepo.

MAJIRA YETU

Mswahili wa Pwani alikuwa na kalenda iliyokamilika kabla ya kufundishwa majira manne ya darasani. Yafuatayo ni majina anayopaswa kuyajua kila mpenzi wa Kiswahili:

Masika ni kipindi cha mvua nyingi, takriban kuanzia Machi hadi Mei.

Kipupwe ni kipindi cha baridi, takriban kuanzia Juni hadi Agosti. Wakazi wa Limuru na Nyahururu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mchoo ni kipindi cha mvua za hapa na pale, takriban Julai na Agosti, kati ya masika na vuli.

Demani ni kipindi cha mwisho wa upepo wa kusi, takriban kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Novemba, ambapo upepo huwa umepungua ukali.

Vuli ni kipindi cha mvua za kati ya Oktoba na Desemba.

Kiangazi ni kipindi cha jua kali na ukavu, hasa kati ya Desemba na mwanzo wa Machi.

Fauka ya hayo kuna kaskazi na kusi. Kaskazi ni upepo uvumao kutoka kaskazini mashariki, takriban kati ya Desemba na Machi. Kusi ni upepo uvumao kutoka kusini, takriban kati ya Aprili na Septemba. Kutokana na majina ya pepo hizi tulipata majina ya pande za dunia, kaskazini na kusini. Kwa karne nyingi majahazi yalitoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kwa kaskazi, yakarejea kwao kwa kusi. Kipindi cha mpito ambapo upepo hubadilika, na chombo kikaweza kusafiri upande wowote, kiliitwa tanga mbili. Mabaharia walikiita pia maleleji.

Aidha, mwaka huo wa Waswahili ulihesabiwa kuanzia siku ya Nairuzi, na ukagawanywa katika vipindi vya siku kumi kumi. Kila kipindi kiliitwa mwongo, wingi wake miongo. Leo neno hilo tunalitumia kwa kipindi cha miaka kumi, na ni wachache wanaokumbuka kwamba lilikuwa neno la mkulima na nahodha. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi, Zanzibar, kila mwezi Julai ni kumbukumbu iliyo hai ya kalenda hiyo.

Hata neno msimu lenyewe lina safari yake. Linatokana na Kiarabu, 'mausim', lenye maana ya wakati maalumu wa mwaka. Wareno walilichukua neno hilo hilo na kutokana nao Waingereza wakapata jina la pepo za Bahari ya Hindi, 'monsoon'. Kwa hivyo msimu na 'monsoon' ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa katika nyumba tofauti.

KISAWE CHA KWANZA: VULI

Kisawe kinachotumiwa zaidi kwa neno 'autumn' ni vuli. Sababu yake ni wazi. Vuli huwa kati ya Oktoba na Desemba, na 'autumn' ya Ulaya huwa kati ya Septemba na Desemba. Miezi inakaribiana, nalo neno ni fupi. Mwanafunzi anayetaka kuyapanga majira manne ya Wazungu katika safu moja na majira manne ya Waswahili hupata faraja anapoona kila moja lina mwenzake.

Hata hivyo, ulinganifu huo una kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni ya maana. Kiini cha vuli ni mvua, na kamusi zetu huieleza hivyo. Mvua hiyo huleta uhai: mbegu huota, mito hujaa, malisho hurejea. Mapukutiko ya Ulaya ni mwelekeo wa kinyume kabisa. Ndicho kipindi ambacho mimea hujiandaa kulala. Mwandishi anayeandika kwamba 'vuli iliwadia, majani yakakauka na kuanguka' ameandika sentensi ambayo kwa mkulima wa Makueni ni kichekesho, kwa maana vuli inapowadia ndipo majani yanapochipuka.

Kasoro ya pili ni ya kalenda. Tulisema kwamba nchini Australia majira haya huwa kati ya Machi na Mei. Iwapo vuli ndiyo 'autumn', basi itatubidi kusema kwamba vuli ya Australia huwa wakati wa masika yetu. Msomaji atakayeelewa hapo ana bahati.

Kuna atakayeuliza: mbona tunakubali kiangazi kwa majira ya joto ya Ulaya, na kipupwe kwa majira yao ya baridi, ilhali miezi haifanani hata kidogo? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo ufunguo wa suala zima. Kiangazi ni jina la hali, hali ya jua na joto, nacho kipupwe ni jina la hali ya baridi. Popote penye hali hiyo, jina litafaa, hata kama miezi imebadilika. Vuli na masika pia ni majina ya hali, lakini hali yenyewe ni mvua. Pasipo na mvua ya namna hiyo, jina linabaki gamba tupu. Kwa ufupi, jina la majira husafiri pamoja na hali yake, wala halisafiri na mwezi wake.

Kanuni hiyo hiyo hutuonyesha mahali ambapo vuli husafiri vyema. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanafahamu kutajwa kwa mvua za vuli na za masika katika nchi ya Israeli. Huko mvua za kwanza huanza takriban Oktoba baada ya kiangazi kirefu na kumwezesha mkulima kulima, na za mwisho hukomaza nafaka mnamo Machi na Aprili. Hapo mfasiri alipatia, kwa sababu hali yenyewe, mvua ya kuanza kilimo, inafanana na yetu.

KISAWE CHA PILI: DEMANI

Baadhi ya waandishi hupendelea demani. Wanajitetea kwamba demani haitaji mvua, kwamba huwa kati ya Agosti na Novemba, na kwamba ni kipindi cha utulivu baada ya ukali, sawa na yale majira ya Ulaya yanayofuata joto kali.

Hoja hizi zina uzito kiasi. Hata hivyo, demani ni neno la bahari. Humwambia nahodha kwamba kusi imelegea na chombo chaweza kushushwa majini baada ya miezi ya mawimbi makali. Halitaji mti wala jani. Zaidi ya hayo, ni neno ambalo wasomaji wengi wa bara hawalijui. Kulitwika maana ya Ulaya kabla hawajaijua maana yake ya Pwani ni kulipoteza mara mbili.

KISAWE CHA TATU: MAPUKUTIKO

Kisawe cha tatu ni kile kinachoeleza jambo lenyewe: majira ya kupukutika kwa majani, au kwa ufupi, majira ya mapukutiko.

Kitenzi pukuta kina maana ya kukung'uta au kuangusha vitu vingi vidogo kwa pamoja. Kutokana nacho tunapata pukutika, yaani kuanguka kimoja baada ya kingine kwa wingi, na pukutisha, yaani kusababisha kuanguka huko. Tunasema majani yamepukutika, maua yamepukutika, nywele zimepukutika. Katika habari za maafa utasikia pia kwamba watu walipukutika, yaani walikufa kwa wingi. Ni neno zito, na halifai kutumiwa kwa mtu mmoja.

Ukoo wa kitenzi hiki una jamaa wengine. Kuna pukusa na pukuchua, kutoa punje za mahindi kwenye gunzi. Kuna pukute, wali uliopikwa ukaiva vizuri bila kugandana. Anayekula wali wa pukute na anayetazama majani yakidondoka wanatumia picha moja: vitu vingi vidogo vilivyoachana.

Ni muhimu kutenganisha pukutika na vitenzi vinavyokaribiana nacho. Jani moja huanguka au hudondoka. Majani mengi hupukutika. Ukuta au udongo wa mlimani huporomoka. Ua lisilopata maji hunyauka, na likizidi kukosa maji hukauka. Rangi ya jani hufifia. Mwandishi akivipanga vitenzi hivi sawasawa ataweza kuieleza 'autumn' nzima bila kulitaja jina lake: rangi zimefifia, majani yamenyauka, upepo umevuma, yakapukutika.

Udhaifu wa kisawe hiki ni urefu. Ushauri wetu ni kwamba mwandishi aandike kwa ukamilifu mara ya kwanza, 'majira ya kupukutika kwa majani', kisha atumie 'mapukutiko' katika sehemu nyingine zote. Pia inafaa kutaja miezi. 'Marathoni za Septemba hadi Novemba' haina mashairi, lakini haina utata.

MFANO WA WAARABU NA WAHINDI

Si sisi pekee tuliokutana na tatizo la jina la majira kuhama. Kwa Kiarabu 'autumn' ni 'kharif', neno linalohusiana na kuchuma matunda. Lakini katika jimbo la Dhofar, kusini mwa Oman, 'kharif' ni kipindi cha kati ya mwisho wa Juni na Septemba, wakati pepo za kusi zinapoleta ukungu na manyunyu katika milima ya Salalah, na jangwa likavaa kijani. Waswahili wengi wanaoishi Oman wanaijua 'kharif' hiyo kama wakati wa matembezi.

Nchini India na Pakistan, 'kharif' ni jina la mazao yanayopandwa mvua za kusi zinapoanza, takriban Juni, na kuvunwa takriban Septemba na Oktoba. Neno moja, maana tatu: matunda ya kuchuma, ukungu wa Salalah, mpunga wa India. Kila jamii ililifinyanga neno hilo kulingana na mvua yake. Hakuna aliyelazimika kuiga majani ya Ulaya.

MATUMIZI YA KILA SIKU

Yuko msomaji atakayesema kwamba mapukutiko hayamhusu. Na atazame saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba nchi nyingi za Ulaya hurudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Tofauti kati ya Nairobi na London huongezeka kutoka saa mbili hadi saa tatu. Mechi ya ligi ya Uingereza ambayo shabiki wa Kisumu alikuwa akiitazama saa kumi na moja jioni huanza saa kumi na mbili. Mwenye jamaa ughaibuni pia hulazimika kuhesabu upya wakati wa kupiga simu.

Katika fasihi neno hili hubeba sitiari ya uzee. Riwaya ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1975, 'El otoño del patriarca', ina neno la Kihispania la 'autumn' katika anwani yake, ingawa matukio yake yametokea katika nchi ya kubuni ya Karibi, ambako hakuna majira ya namna hiyo. Neno hapo ni la kitamathali tu: ni kufifia kwa dikteta aliyetawala mno. Mfasiri atakayeandika 'vuli ya baba wa taifa' atakuwa amempa dikteta huyo mvua na mazao mapya. Kiswahili kina sitiari zake za jua: machweo ya maisha, jioni ya umri, jua la kuchwa. Hizo ndizo zinazomfikia msomaji wetu moyoni.

UPATANISHO WA KISARUFI

Majina ya majira huwatatiza wengi katika upatanisho. Tuyataje.

Majira hayana umoja tunaoutumia kwa maana hii: majira haya, majira yale. Masika hufuata mkondo huo: masika haya yamechelewa. Methali hutukumbusha: hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Mapukutiko pia: mapukutiko yale yalikuwa ya kupendeza.

Vuli na demani zimo katika ngeli ya I-ZI: vuli hii imefika mapema, demani ile ilikuwa shwari.

Kiangazi na kipupwe vimo katika ngeli ya KI-VI: kiangazi hiki kimekithiri, kipupwe kile kilikuwa kikali.

Msimu na mchoo zimo katika ngeli ya U-I: msimu huu umeanza, mchoo ule ulikuwa mfupi. Wingi wa msimu ni misimu. Wanafunzi wa isimujamii wakumbuke pia kwamba misimu ni maneno yanayozuka na kutoweka, kama vile msimu unavyokuja na kwenda.

KOSA LA 'MVUA FUPI'

Tumefikia jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Tunapoitumia vuli kwa majani ya Ulaya, tunabaki bila jina la mvua yetu, nasi hulijaza pengo hilo kwa tafsiri ya neno kwa neno: 'mvua fupi' na 'mvua ndefu'. Maneno haya yamezagaa katika matangazo na taarifa za habari za humu nchini. Nchini Tanzania mamlaka ya hali ya hewa hutoa utabiri wake kwa majina ya vuli na masika, na kwa maeneo yenye kipindi kimoja cha mvua husema mvua za msimu. Ni mfano unaofaa kuigwa.

Neno 'fupi' lina madhara. Humfanya msikilizaji adhani kwamba mvua hiyo ni ya ziada, isiyo na umuhimu. Lakini katika kaunti za Makueni, Kitui na Machakos, vuli ndiyo mvua inayotegemewa zaidi na wakulima kuliko masika. Anayengoja masika huko aghalabu hungoja njaa.

Vuli pia huyumba sana kutegemea joto la bahari. Mwaka 1997 mvua za Elnino zilinyesha kupita kiasi, zikavunja madaraja na kuendelea hadi mwanzo wa 1998. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalirejea. Kinyume chake, kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana kaskazini na mashariki mwa nchi, na mitatu kati ya hiyo ilikuwa ya vuli. Mifugo ilikufa kwa wingi. Katika hali kama hiyo, mfugaji na mkulima wanahitaji kusikia jina la mvua yao likitajwa bila utata, ili wajue ni lini wapande, ni lini wauze ng'ombe, na ni lini wahame bondeni.

Pia tusisahau kwamba Kenya haina vuli moja. Mwezi wa Oktoba mkulima wa Kitui hupanda, ilhali mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia, aliyepanda mnamo Machi au Aprili, huwa anavuna. Kakamega na Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima. Ajabu ni kwamba kwa mvunaji wa Kitale, neno la kale la Waingereza, mavuno, ndilo lingeufaa zaidi mwezi wa Oktoba.

HITIMISHO

Tunapendekeza basi yafuatayo. 'Autumn' ya nchi za mbali iitwe majira ya kupukutika kwa majani, au mapukutiko, pamoja na miezi yake. Vuli ibaki kuwa mvua ya Oktoba hadi Desemba, na itumiwe badala ya 'mvua fupi'. Demani irejeshwe kwa wenyewe, mabaharia na wavuvi, na ifundishwe bara kwa maana yake halisi. Mwalimu anayesahihisha insha asimwadhibu mwanafunzi aliyeandika kwamba vuli ilipofika mahindi yaliota, kwani huyo ameitazama nchi yake kwa macho yake mwenyewe.

Lugha hukua kwa kupokea, nasi hatuna budi kuyapokea majani ya Ulaya na kuyapa jina. Lakini mgeni hapewi kitanda cha mwenye nyumba. Yamepata jina lao, mapukutiko. Vuli tuwaachie wanaoitazamia mbingu kila Oktoba wakiwa na mbegu mkononi.